Nikotini ya Dawa na Nikotini ya Ugoro: Mjamzito Anayetaka Kuacha Tumbaku Nakuru

Swali la kama mama mjamzito anaweza kutumia dawa yenye nikotini ili aache tumbaku huonekana, kwa mtazamo wa kwanza, kuwa swali la nchi ambazo wanawake wengi huvuta sigara, na kwa hiyo kuwa mbali na kliniki za Nakuru, Molo au Gilgil. Utafiti wa kitaifa kuhusu matumizi ya tumbaku kwa watu wazima uliofanyika Kenya mwaka 2014 unaelekea kuunga mkono dhana hiyo, kwa kuwa ulionyesha kwamba wanaume waliovuta tumbaku walikuwa asilimia 15.1 ilhali wanawake walikuwa asilimia 0.8 tu. Hata hivyo, utafiti huohuo una safu nyingine ya takwimu ambayo haizungumzwi sana: wanawake waliotumia tumbaku isiyo na moshi, yaani ugoro na tumbaku ya kutafuna, walikuwa asilimia 3.8, karibu mara tano ya wale waliovuta. Muuguzi anayemuuliza mjamzito kama anavuta sigara huenda basi akapata jibu la "sivuti" ambalo ni la kweli kabisa, na ambalo bado halimwambii lolote kuhusu nikotini iliyomo katika damu ya mama huyo.

Dawa mbadala za nikotini ni zile zinazompa mtu anayeacha tumbaku kiasi kilichopimwa cha nikotini bila tumbaku yenyewe, ili mwili usishtuke kwa kunyimwa ghafla kile ulichokizoea. Zinazojulikana zaidi ni kibandiko, ambacho hubandikwa kwenye ngozi kama plasta na kupenyeza nikotini polepole kutwa nzima, chingamu ya nikotini, ambayo hutafunwa kidogo kisha ikaachwa ikae kati ya shavu na ufizi, na vidonge vya kumung'unya. Shirika la Afya Duniani liliingiza kibandiko na chingamu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na kwa mtu mzima asiye mjamzito usalama wake hauna ubishi mkubwa. Ubishi huanza pale panapokuwa na mtoto tumboni, kwa kuwa nikotini, iwe imetoka kwenye sigara, kwenye ugoro au kwenye kibandiko cha duka la dawa, hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na vipimo vimeonyesha kuwa kiwango chake upande wa mtoto huweza kuzidi kidogo kile kilichomo katika damu ya mama.

Ili kuelewa kwa nini madaktari fulani huwapa wajawazito kitu wanachojua kitamfikia mtoto, ni lazima kwanza kutenganisha nikotini na moshi. Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na mojawapo ya zile zinazomdhuru mtoto moja kwa moja ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotokana na kitu chochote kinachoungua bila hewa ya kutosha. Gesi hii hujishikiza kwenye himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu za damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, na himoglobini ya mtoto aliye tumboni huishikilia zaidi kuliko ya mama yake. Mama akivuta, mtoto hupungukiwa oksijeni kwa saa nyingi, na hii ni moja ya sababu kubwa zinazowafanya watoto wa wavutaji wazaliwe wakiwa na uzito uliopungua kwa wastani wa takribani gramu 200, na baadhi yao kuzaliwa njiti au wakiwa wamekufa. Kibandiko hakina kaboni monoksaidi, hakina lami, wala hakina mamia ya sumu nyingine zinazotokana na kuungua kwa jani la tumbaku.

Katika nyanda za juu za Bonde la Ufa jambo hili lina uzito wa pekee. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Molo iko juu zaidi, karibu mita 2,500, mahali ambapo hewa ni nyembamba kiasi na damu hubeba oksijeni kidogo kuliko Mombasa hata kwa mtu ambaye hajawahi kushika sigara. Inajulikana pia kwamba uzito wa watoto wanaozaliwa hupungua kadiri mtu anavyopanda mlima, na ingawa mwinuko wa Nakuru si wa kutisha, ni wazi kwamba gesi inayopokonya damu nafasi ya oksijeni haikaribishwi vizuri mahali ambapo oksijeni yenyewe haikuwa ya ziada.

Hata hivyo, kuiondolea nikotini lawama ya moshi si kuitakasa. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilihitimisha kwamba ushahidi unatosha kusema kuwa nikotini yenyewe huchangia uchungu wa kabla ya wakati na vifo vya watoto tumboni, na kwamba kuipata katika kipindi ambacho ubongo wa mtoto unajengeka huweza kuacha athari za kudumu. Nikotini hubana mishipa ya damu na kuupandisha mpigo wa moyo, na katika wanyama waliochunguzwa maabara imeonekana kuvuruga ukuaji wa mapafu na ubongo. Kwa sababu hiyo hakuna mtaalamu makini anayeiita dawa hii salama bila kuongeza neno. Linalosemwa ni kuwa ina hatari ndogo kuliko kuendelea kuvuta, na tofauti kati ya kauli hizo mbili ndiyo kiini cha mjadala wote.

Majaribio ya kitabibu yaliyokusudiwa kumaliza mjadala huo yalileta majibu ambayo hayakumfurahisha mtu yeyote. Jaribio lililoitwa SNAP, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, liliwahusisha wajawazito 1,050 wa Uingereza waliokuwa wakivuta. Baadhi yao walipewa vibandiko vya miligramu 15 vya kuvaliwa saa 16 kwa siku, na wengine vibandiko vilivyofanana navyo kwa kila hali ila havikuwa na dawa ndani. Walioweza kukaa bila sigara hadi kujifungua walikuwa asilimia 9.4 katika kundi la nikotini na asilimia 7.6 katika kundi la pili, tofauti ndogo mno ambayo huenda ilitokea kwa bahati tu. Jaribio jingine lililofanyika Ufaransa kwa wanawake 402 na kuchapishwa mwaka 2014 nalo halikuonyesha faida, na lilibaini kuwa shinikizo la damu lilikuwa juu kidogo kwa waliovaa nikotini, jambo ambalo mkunga yeyote anayehangaika na kifafa cha mimba hawezi kulipuuza.

Msomaji anayeishia hapo ataondoka na picha pungufu. Katika jaribio la Uingereza, waliopewa vibandiko vya nikotini na wakavitumia kwa zaidi ya mwezi mmoja walikuwa asilimia 7.2 tu, maana yake ni kwamba dawa ilipimwa kwa watu ambao wengi wao hawakuitumia, wengine kwa kuhofia kumdhuru mtoto huku wakiendelea kuvuta sigara ambayo ina nikotini ileile pamoja na moshi. Zaidi ya hayo, watafiti walipowafuatilia watoto hadi umri wa miaka miwili, waligundua kuwa waliokuwa hai na bila dosari ya ukuaji walikuwa asilimia 73 katika kundi la nikotini dhidi ya asilimia 65 katika kundi la vibandiko vitupu. Matokeo hayo hayakutarajiwa na hayajapata maelezo yanayokubaliwa na wote, lakini angalau yanawapunguzia wasiwasi wale waliodhani kuwa kibandiko huacha madhara makubwa kwa mtoto.

Kuna sababu nyingine, ya kifiziolojia, ambayo haikupewa uzito wa kutosha wakati majaribio ya awali yakipangwa. Mwili wa mjamzito huivunja na kuiondoa nikotini kwa kasi inayozidi ile ya kawaida kwa asilimia 60 hivi, kama ilivyoonyeshwa na utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002. Kibandiko kinachomtosha mwanamume wa Naivasha kinaweza basi kumwacha mjamzito katika hali ileile ambayo vijana huiita arosto: kichwa kuuma, hasira za karibu, kukosa usingizi, na hamu inayomrudisha kwenye sigara. Hofu ya kumpa dawa nyingi huishia kumpa kiasi kisichoponya, na kisha dawa hulaumiwa. Uchambuzi uliojumlisha majaribio tisa yenye wanawake zaidi ya 2,300, uliotolewa na mtandao wa wataalamu wa Cochrane mwaka 2020, ulisema kwamba dawa hizi zikitolewa pamoja na ushauri nasaha huenda zikaongeza idadi ya wanaoacha kabla ya kujifungua, kwamba ushahidi huo si imara sana, na kwamba hapakuonekana dalili ya madhara wala ya manufaa ya wazi kwa afya ya watoto waliozaliwa.

Kwa hiyo mamlaka za afya zimegawanyika. Uingereza huruhusu wajawazito wapewe vibandiko na chingamu, na imefanya hivyo kwa miaka mingi. Nchini Marekani jopo la taifa la tiba ya kinga lilisema mwaka 2021 kuwa ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza, likasisitiza ushauri nasaha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu tumbaku na ujauzito, lilikiri kwamba haliwezi kutoa pendekezo la kutumia au kutotumia nikotini, ila halikupendekeza wajawazito wapewe bupropioni na varenikilini, vidonge vingine vya kuacha tumbaku. Mtu anaweza kuona mgawanyiko huo kuwa udhaifu wa sayansi. Lakini wote wanakubaliana juu ya jambo moja: ushauri ndio msingi wa kumsaidia mjamzito kuacha tumbaku.

Hoja hizi zote, hata hivyo, zimejengwa juu ya mwanamke anayevuta, na hapa ndipo mazingira ya Bonde la Ufa yanapodai fikra tofauti. Ugoro ni tumbaku iliyokaushwa na kusagwa ikawa unga laini wa kahawia. Muuzaji huuchota kwa kijiko kutoka kwenye mkebe na kuufunga katika kipande cha karatasi au nailoni, na mtumiaji huubana kidogo kwa kidole gumba na kidole cha shahada, akaunusa au akauweka kati ya mdomo wa chini na ufizi na kuuacha hapo kwa dakika kadhaa. Katika jamii kadhaa za wafugaji wanawake wazima huutumia bila kificho, ilhali kijana wa mjini hujificha nao. Mara nyingi huchanganywa na magadi, yale yale ambayo mama wa nyumbani hutia kwenye sufuria ili maharagwe yalainike haraka, na mchanganyiko huo si wa ladha tu, kwa kuwa magadi huondoa uchachu na kuifanya nikotini ipenye kwa urahisi zaidi kwenye utando wa mdomo na pua. Hakuna anayejua mbano mmoja una miligramu ngapi. Hilo hutegemea jani, magadi na mkono wa muuzaji.

Ugoro hauna moshi, na kwa hiyo hauna kaboni monoksaidi, lakini haifuati kwamba mtoto yuko salama. Utafiti uliofanyika Mumbai, India, kwa wanawake 1,217 na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa waliotumia tumbaku isiyo na moshi walizaa watoto wenye uzito pungufu kwa wastani wa gramu 105, na kwamba walizaa njiti mara nyingi zaidi. Nchini Uswidi, ambako baadhi ya wanawake huweka tumbaku ya unga chini ya mdomo wa juu, rekodi za uzazi za taifa zima zimeihusisha desturi hiyo na ongezeko la watoto wanaozaliwa wakiwa wamekufa, na zimeonyesha pia kwamba walioiacha mapema katika ujauzito hawakuwa na ongezeko hilo. Kwa kuwa kwa watumiaji hao wa tumbaku isiyo na moshi hapakuwa na moshi wa sigara wa kulaumiwa, lawama kubwa huielekea nikotini pamoja na nitrosamini, kemikali zinazosababisha saratani ambazo hujitengeneza wakati tumbaku inapokaushwa na kuhifadhiwa.

Hesabu ya faida na hasara hubadilika basi. Mwanamke anayevuta sigara kumi kwa siku akihamia kwenye kibandiko huacha nyuma moshi wote, na faida yake ni kubwa hata kama nikotini inabaki. Anayetumia ugoro akihamia kwenye kibandiko huacha nyuma nitrosamini na kupata kipimo kinachojulikana ambacho kinaweza kupunguzwa wiki baada ya wiki, lakini sehemu kubwa ya hatari, ambayo ni nikotini yenyewe, huenda naye. Majaribio ya vibandiko yaliyoelezwa hapo juu hayakumhusu mwanamke huyu. Kwake, ni busara zaidi kujaribu kuacha kwa ushauri pekee kwanza, na dawa ya nikotini kutazamwa kama ngazi ya muda mfupi kwa yule aliyejaribu akashindwa. Inafaa kuongeza kwamba mama yuleyule anayeficha ugoro mara nyingi hukiri bila haya kuwa anakula odowa, yale mawe laini yanayouzwa dukani kwa ajili ya wajawazito, kwa kuwa amezoea kuulizwa habari za udongo na upungufu wa damu. Akiulizwa kwa upole kuhusu ugoro kwa jina lake, badala ya "sigara", huenda naye akajibu.

Bidhaa nyingine iliyoingia katika mkanganyiko huu ni vifuko vya nikotini, vijifuko vyeupe visivyo na jani la tumbaku ambavyo huwekwa chini ya mdomo. Kampuni ya British American Tobacco ilivileta Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa chini ya sheria ya dawa na sumu. Mwezi wa Oktoba 2020 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema usajili huo haukufuata sheria, mauzo yakasimama, kisha bidhaa ikarudi mwaka 2022 kwa jina la Velo. Kwa kuwa vimewahi kuandikishwa kama dawa na vinauzwa kwa maelezo ya kuwa havina moshi, ni rahisi mjamzito kudhani kuwa ni ndugu wa chingamu ya duka la dawa. Sivyo. Chingamu ya nikotini imetengenezwa ili mtu aipunguze na hatimaye aiache, ilhali vifuko hivi, vyenye ladha za mnanaa na matunda, huuzwa kama starehe ya kila siku, na havikuwa sehemu ya jaribio lolote la wajawazito kati ya yaliyotajwa hapa. Hakuna msingi wa kumshauri mjamzito avitumie.

Takwimu za mwaka 2014 zinadokeza jambo jingine ambalo wataalamu wa nchi za Magharibi hawalazimiki kulifikiria sana: pale ambapo wanaume wanaovuta ni wengi kuliko wanawake kwa karibu mara kumi na tisa, moshi wa sigara unaomfikia mtoto tumboni mara nyingi hutoka kwa baba. Nakuru ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza nchini kupiga marufuku uvutaji hadharani mwaka 2007, kabla ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka huohuo kuanza kufanya kazi, lakini marufuku ya barabarani haivuki mlango wa chumba cha kupanga ambamo familia hupika, hula na kulala. Katika chumba hicho kibandiko kinaweza kubandikwa kwenye mkono wa mume bila ubishi wowote wa kitabibu, na huenda hayo ndiyo matumizi ya nikotini yenye faida kubwa kuliko yote kwa ujauzito wa mkewe. Lakini hata akiacha, kuna jiko la makaa, ambalo usiku wa baridi wa Molo au Mau Narok huingizwa ndani na mlango ukafungwa; gesi yake ni kaboni monoksaidi ileile, na kliniki inayomshauri mama kuhusu sigara bila kumuuliza habari za jiko imefanya nusu ya kazi.

Kwa mjamzito ambaye ameshauriwa na ameshindwa, na ambaye mhudumu wake wa afya amekubali kumpa nikotini, taratibu zinazofuatwa Uingereza zinaweza kuigwa bila gharama kubwa. Kibandiko huvuliwa kabla ya kulala ili mtoto apumzike na nikotini usiku. Chingamu au vidonge vya kumung'unya, ambavyo hutumika hamu inapopanda tu, mara nyingi huleta nikotini kidogo kwa siku nzima kuliko kibandiko, ingawa mama anayesumbuliwa na kichefuchefu au kutapika hufaidika zaidi na kibandiko. Bidhaa zenye ladha ya mzizi wa susu huepukwa. Shinikizo la damu hupimwa kila anapohudhuria kliniki. Muda nao una thamani: utafiti uliofanyika Australia na New Zealand na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanawake walioacha kuvuta kabla ya wiki ya 15 walizaa kama wale ambao hawakuwahi kuvuta wakiwa wajawazito, habari njema ambayo, kwa bahati mbaya, huwapita wengi wa wajawazito wa Kenya kwa sababu huanza kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Pengo hilo ndilo wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wanaweza kuliziba, na laini ya simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nambari 1192, hupokea watu wanaotafuta ushauri kuhusu uraibu wa aina yoyote.

Baada ya kujifungua hatari hubadilika sura, kwa kuwa wengi walioacha kwa ajili ya ujauzito hurudi kwenye tumbaku katika miezi ya mwanzo, na nikotini huingia katika maziwa ya mama kwa kiwango kinachoweza kufika mara tatu ya kile cha damu yake. Hata hivyo maziwa hayakatazwi, kwa sababu manufaa yake kwa mtoto huzidi madhara ya kiasi kidogo cha nikotini. Nusu ya nikotini iliyo katika maziwa huondoka kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na kwa hiyo mama anayetumia chingamu hushauriwa kunyonyesha kwanza na kutafuna baadaye, jambo ambalo mwenye kibandiko hawezi kulipanga kwa kuwa chake hutoa nikotini mfululizo kutwa nzima.